Sumu iliyokaa kwenye tope la mto: maswali tunayoulizwa kila mara

Wanaotuletea maswali haya ni wengi: wanafunzi wa uzamili wenye friji iliyojaa sampuli na hawajui waanzie wapi, maofisa mazingira wa halmashauri, wakulima wa mchicha wa mabondeni, na siku moja mzee mvuvi aliyekuja na kambare kwenye ndoo akitaka tumwambie kama huyo kambare ni salama kwa wajukuu zake. Majibu yamebaki na sura ya mazungumzo kwa sababu ndivyo yalivyotolewa. Ukiwa na nafasi ya kusoma moja tu, soma lile la maji ya ndani ya tope. Mengine yote yanaegemea hapo.

Kiwanda kimefungwa na maji yanaonekana safi. Kwa nini bado mnahangaika na tope?

Kwa sababu tope halisahau. Kemikali tunazozizungumzia hapa haziyapendi maji. Kuna jaribio la maabara linaloonyesha hilo vizuri: tia chupani maji nusu, na nusu nyingine oktanoli, aina ya alkoholi inayoelea juu ya maji kama mafuta. Tone kemikali yako, tikisa, acha itulie, kisha pima kila upande. Ukitumia naftalini, ile ya vidonge vyeupe vya kabatini, kwa kila sehemu moja iliyobaki majini utakuta kama 2,000 kwenye oktanoli. Kwa pireni, inayotokana na moshi na oili chafu, ni zaidi ya 100,000. Kwa DDT ni milioni kadhaa.

Mto hauna oktanoli, lakini una majani yaliyooza, mwani uliokufa, kinyesi na udongo mweusi. Vyote hivyo vina kaboni iliyotokana na viumbe, na kemikali hizi hukimbilia humo. Bomba likifungwa leo, maji yaliyochafuka yatakuwa yameshafika baharini kabla ya wiki kwisha. Kilichonata kwenye tope kitakuwepo miaka kumi, au hamsini.

Ni kemikali zipi hasa?

Kwetu sisi ni familia tatu. Ya kwanza ni PAH, hidrokaboni zenye pete mbili, tatu hadi sita zilizoshikana. Hutoka kwenye kila kinachoungua vibaya: matairi, takataka, dizeli, mkaa, na pia kwenye mafuta ghafi na oili ya gereji. Maabara nyingi hupima 16 kati yake. Ya pili ni PCB, mafuta ya transfoma na kapasita za zamani. Kwa hesabu ya kikemia ziko aina 209, na Marekani ilizitengeneza kuanzia mwaka 1929 mpaka zilipopigwa marufuku mwaka 1979. Ya tatu ni viuatilifu vya zamani vyenye klorini, DDT ikiwa mbele, pamoja na watoto wake DDE na DDD, yaani kemikali zinazobaki DDT inapovunjika.

PCB na DDT zimo kwenye Mkataba wa Stockholm uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004. Mkataba huo uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwisho wa kushughulikia taka zake kwa usalama. Kwa hiyo anayedhani hili ni jambo la historia atazame transfoma kuukuu zilizolala kwenye yadi.

Zebaki, risasi na kromi ni metali. Zina tabia nyingine na vipimo vingine, na ukurasa huu hauzihusu.

Kama zimeng'ang'ania tope, zinarudije majini?

Hapa kisa cha mto Hudson, jimbo la New York, kinafundisha kuliko somo la darasani. Kuanzia mwaka 1947 hivi hadi 1977, viwanda viwili vya kapasita vya General Electric, kimoja Fort Edward na kingine Hudson Falls, vilimwaga PCB mtoni. Makadirio ya juu ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ni kilo 590,000 hivi. Nyingi zilitua nyuma ya bwawa la zamani la Fort Edward, na bwawa hilo lilipobomolewa mwaka 1973, tope likateremka na mto. Mwaka 1976 uvuvi ukapigwa marufuku sehemu ya juu. Mwaka 1984 mto uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kusafishwa, urefu wa kilomita 320 hivi mpaka ncha ya kusini ya Manhattan, lakini mwaka huohuo uamuzi kuhusu tope ukawa kwamba liachwe kwanza. Miaka iliyofuata ilisikika sana hoja ambayo hata hapa kwetu naisikia: tope jipya safi litalifunika la zamani, na mambo yatajimaliza yenyewe.

Wapimaji wakawa wanachota maji juu na chini ya kipande cha mto cha kilomita kumi hivi, kinachoitwa Thompson Island Pool. Kilichowafungua macho ni kiangazi. Mto umepungua, maji yametulia, hakuna mafuriko wala tope linalotibuka, na bado maji yaliyoingia kwenye kipande hicho na PCB kidogo yalitoka upande wa pili na PCB nyingi zaidi. Tena zilizoongezeka zilikuwa hasa zile zenye klorini chache, zinazoyeyuka kirahisi zaidi, mfano wa zile zinazopatikana kwenye maji yaliyo ndani ya tope. Sakafu ya mto ndiyo iliyokuwa ikizitoa.

Zinatokaje bila tope kutibuka? Tope si jiwe. Ukilikamua, zaidi ya nusu ya ujazo wake mara nyingi ni maji yaliyojibana katikati ya chembe. Kemikali iliyonata kwenye chembe huachia kidogo kidogo iingie kwenye maji hayo, na kutoka hapo hupenya kuelekea juu, kutoka penye nyingi kwenda penye chache, kama harufu ya kitunguu inavyotoka jikoni hadi sebuleni bila upepo. Hiyo ni njia ya polepole, lakini haipumziki usiku wala mchana.

Viumbe huiharakisha. Minyoo ya tope, konokono na viluwiluwi hula chini na kunyea juu, wanachimba vishimo na kuyasukuma maji humo siku nzima. Tope la sentimita tano hadi kumi za juu, penye uhai, tunalihesabu kama kitu kinachokorogwa daima. Kuna pia maji ya ardhini yanayobubujika kutoka chini ya mto, ambayo hubeba kila kilichoyeyuka njiani. Kuna mapovu ya gesi, yale unayoyaona yakipasuka juu ya maji machafu yaliyosimama, nayo hupasua tope na kulirusha juu. Halafu kuna mafuriko. Mvua moja kubwa ya masika inaweza kuhamisha tope kuliko mwaka mzima wa maji ya kawaida. Anayeujua mto Msimbazi wa Dar es Salaam tangu vilima vya Pugu, kupitia Vingunguti hadi Jangwani, hahitaji kuelezwa hilo. Tope huingia hadi sebuleni mwa watu.

Mnaweza kutoa mfano wa hesabu?

Tuchukue tope lenye pireni miligramu 1 kwa kilo na kaboni ya viumbe asilimia 2. Namba hizi ni za mfano, lakini si za ajabu.

Kanuni iliyozoeleka tangu mwisho wa miaka ya 1970 inasema uwezo wa kaboni hiyo kuishika kemikali ni kama 0.63 ya ule wa oktanoli. Kwa pireni tunapata kama 80,000. Zidisha kwa 0.02 kwa sababu kaboni ni asilimia 2 tu ya tope, upate 1,600. Maana yake, kilo moja ya tope inashikilia pireni sawa na iliyomo kwenye lita 1,600 za maji yanayoligusa. Mikrogramu 1,000, ndiyo ile miligramu 1, ukigawa kwa 1,600 ni mikrogramu 0.6 kwa lita, yaani nanogramu 600.

Sasa inatokaje? Juu ya tope kuna utando mwembamba wa maji yasiyokorogeka, tuseme nusu milimita. Pireni inaupita kwa mwendo unaofikia kama sentimita 10 kwa siku. Kila mita moja ya mraba basi inatoa mikrogramu 60 hivi kwa siku. Hekta moja ya sakafu ya mto inatoa gramu 0.6. Mto unaopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde una mita 86,400 za ujazo kwa siku, kwa hiyo ongezeko ni kama nanogramu 7 kwa lita kwa kila hekta. Ni kidogo? Zidisha kwa hekta zote, siku zote, na kumbuka samaki anaishi humo maisha yake yote.

Hesabu hii huelekea kukuza mambo, kwa sababu tabaka la juu kabisa la tope huishiwa, na kemikali inayotoka chini yake hufika kwa kuchelewa. Lakini kosa kubwa zaidi limo kwenye hatua ya kwanza kabisa, na ndilo swali linalofuata.

Kwa nini mnasema kipimo cha tope zima kinadanganya?

Hakidanganyi kuhusu kilichomo. Kinadanganya kuhusu kinachotoka.

Ile kanuni ya 0.63 inadhani kaboni yote ni sawa, majani yaliyooza na masizi. Si sawa. Masizi ya magari, vumbi la mkaa na mabaki ya moto vina uso mpana wenye vitundu, na PAH hunata humo kwa nguvu mara kumi, mara mia kuliko kwenye mboji. Miji yetu inapikia mkaa na inachoma taka. Tope la mto wake lina masizi ya kutosha, na masizi hayo mara nyingi ndiyo yaliyozileta hizo PAH zikiwa zimeshafungiwa ndani tangu motoni.

Kwa hiyo unaweza kuwa na vipande viwili vya mto, vyote na pireni miligramu 1 kwa kilo. Kimoja kimetokana na oili iliyomwagwa wiki iliyopita, na kinaivujisha majini. Kingine ni masizi ya miaka, nacho kimeishikilia kama mchoyo. Ripoti ya maabara inaandika namba moja kwa vyote viwili. Ofisa anayeamua wapi pachimbwe kwanza kwa kuangalia ripoti hiyo peke yake atapeleka fedha za wananchi mahali pasipostahili, na watu wa pale penye kuvuja wataendelea kula samaki wao. Hili ndilo linalotuudhi zaidi katika kazi hii, maana kipimo sahihi kipo na hakihitaji mashine mpya.

Hayo maji ya ndani ya tope mnayapimaje?

Njia ya zamani ni kuzungusha tope kwenye mashine mpaka maji yajitenge, kisha kuyapima. Ina matatizo mawili. Maji yanayopatikana ni kidogo mno, na ndani yake mna chembe laini kabisa na mboji iliyoyeyuka, ambazo hubeba kemikali na kuingia nayo kwenye kipimo. Unapata namba kubwa kuliko kilicho huru kweli. Na kilicho huru ndicho kinachopenya kwenye mashavu ya samaki na ngozi ya mnyoo.

Njia tunayoipendekeza inatumia karatasi ya polithini, ile ambayo mtaani tunaiita nailoni, nyembamba ya mikroni 25 au 50. Kwa kemikali zisizopenda maji, polithini ni kama mafuta makavu: hujiingiza humo zenyewe. Tunaikata vipande, tunaiosha kwa viyeyusho siku kadhaa mpaka isitoe chochote chake, kisha tunaikaza kwenye fremu ya chuma cha pua na kuichomeka topeni kama koleo, nusu chini na nusu juu kwenye maji. Tunaiacha mwezi mmoja, au zaidi kwa kemikali nzito. Tukiitoa tunaifuta, tunailoweka kwenye kiyeyusho, na kiyeyusho ndicho kinachoingia mashineni.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa pireni, polithini hushika kama mara 100,000 ya kilicho majini. Tukikuta nanogramu 5,000 kwa kila gramu ya karatasi, maji yaliyoizunguka yalikuwa na nanogramu 50 kwa lita. Rudi kwenye mfano wetu: kanuni ilitabiri 600. Tofauti ya mara 12, na mkosaji ni masizi. Kila kinachofuata, kinachotoka kwa siku na kinachofika kwa samaki, nacho kinashuka mara 12.

Uzuri mwingine ni kwamba karatasi moja inakusomea tabaka kwa tabaka. Unaikata kila sentimita mbili na kuona kama kemikali huru zinapungua kuelekea juu au zinapanda. Nusu ile ya juu, iliyokaa mtoni, ikionyesha chache kuliko ya ndani ya tope, tope linatoa. Ikionyesha nyingi, maji ndiyo yanayolilisha tope, na chanzo chako kiko juu ya mto, bado kinamwaga. Jibu hilo peke yake linastahili mwezi wa kusubiri.

Mtajuaje kama karatasi imekaa muda wa kutosha?

Kabla ya kuichomeka tunailisha kemikali za alama, kwa mfano pireni iliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito, ambayo haipo mtoni lakini ina tabia ileile. Wakati pireni ya mto inaingia, ya alama inatoka, kwa mwendo uleule. Tukikuta nusu ya alama imeondoka, tunajua pireni nayo imeingia nusu ya safari, na tunaikamilisha kwa hesabu. Bila alama hizo, namba ya karatasi ni ya kubahatisha. Tusilainishe hili: kazi nyingi za wanafunzi zinazorudishwa zimerudi kwa sababu hii.

Nataka kuchukua tope mwenyewe. Nifanyeje lisiharibike?

Tumia chuma cha pua au alumini, usitumie plastiki. Kijiko, bakuli, kijembe, vyote vya chuma, vioshwe kwa sabuni, maji safi, kisha asitoni. Vyombo viwe chupa za kioo zenye mdomo mpana, zilizochomwa tanurini nyuzi 450 kabla ya kwenda, na kifuniko kitenganishwe na tope kwa karatasi ya alumini. Mfuko wa plastiki hutoa kemikali zake mwenyewe na kunyonya zile unazozitafuta.

Chagua penye tope laini, upande wa ndani wa kona au nyuma ya kizuizi, siyo katikati penye mchanga. Mchanga haushiki kitu, na wengi hupima mchanga wakatangaza mto ni salama. Chukua sentimita tano za juu kama unauliza kuhusu leo. Chota sehemu tatu hadi tano zilizo karibu, changanya, na chukua jozi ya pili kwa angalau sampuli moja kati ya kumi. Andika kina cha maji, saa, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na nini kiko juu yako: gereji, dampo, shamba, machinjio. Weka kwenye barafu. Usivute sigara, na usiegeshe bodaboda inayonguruma pembeni ya chupa zilizo wazi.

Ingia mtoni ukiwa na buti na glovu. Kinyesi kilichomo humo kitakuumiza kabla ya PCB.

Kwenye maabara kinatokea nini?

Tope hugandishwa, likakaushwa kwa ubaridi, likachekechwa. Kabla ya chochote tunatia kiasi kinachojulikana cha kemikali za alama, ili mwisho wa safari tujue ngapi zilipotea njiani. Kisha linachemshiwa kiyeyusho kwenye soksileti, chombo cha kioo kinachokipitisha kiyeyusho kwenye tope tena na tena, saa 16 hadi 24. Kinachotoka ni supu chafu, na kuisafisha ndiyo kazi yenyewe: safu ya silika kuondoa mafuta na rangi, na vipande vya shaba vilivyooshwa kwa asidi kuondoa sulfuri. Tope jeusi lenye harufu ya mayai viza lina sulfuri nyingi, nayo hujitokeza kwenye grafu ya PCB kama mlima na kufunika kila kitu. Shaba ikibadilika kuwa nyeusi, ongeza nyingine, mpaka iliyobaki ing'ae. Mwisho ni kromatografia ya gesi yenye kipimauzito cha molekuli, mashine inayozitenganisha kemikali na kuzitambua moja moja.

Kila kundi la sampuli liende na sampuli tupu, yaani safari nzima bila tope. Mwaka mmoja sampuli zetu tupu zilijaa PAH wiki mbili mfululizo. Tulibadilisha viyeyusho, tukaosha vyombo upya, wapi. Ilikuwa moshi wa jenereta, uliokuwa ukiingia dirishani kila umeme ukikatika. Tulizitupa data za wiki hizo mbili zote. Aidha, pima mara kwa mara tope la kumbukumbu lenye namba zilizothibitishwa. Mojawapo linalotumika sana, la taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, limetengenezwa kwa mashapo ya njia za maji za New York na New Jersey.

Na pima kaboni ya viumbe. Daima. Ripoti ya PAH isiyo na namba ya kaboni haiwezi kulinganishwa na mto mwingine wowote. Kama maabara yako haina mashine ya kaboni, njia ya Walkley na Black inayotumika kwenye maabara za udongo za kilimo inatosha kuanzia.

Namba yangu ni kubwa au ndogo?

Vigezo vinavyotumika sana duniani kwa maji baridi vilichapishwa mwaka 2000, vya viwango viwili: chini ya cha kwanza madhara kwa viumbe wa tope hayatarajiwi, juu ya cha pili yanatarajiwa. Kwa jumla ya PAH ni miligramu 1.61 na 22.8 kwa kilo kavu. Kwa jumla ya PCB ni mikrogramu 59.8 na 676. Kwa jumla ya DDT na watoto wake ni mikrogramu 5.28 na 572.

Vitumie kama kengele, visiwe hukumu. Vinahusu minyoo na wadudu wa topeni. Havikutengenezwa kulinda mtu anayekula samaki, na havijui chochote kuhusu masizi.

Naweza kujua nani amemwaga?

Aina ya chanzo, ndiyo. Jina la mtu, hapana. Gawanya fluoranthini, PAH nyingine, kwa jumla ya fluoranthini na pireni: chini ya 0.4 inaelekeza kwenye mafuta yasiyoungua, kati ya 0.4 na 0.5 kwenye mafuta yaliyoungua injini, juu ya 0.5 kwenye kuni, nyasi na makaa ya mawe. Kwa DDT angalia kama DDT yenyewe imezidi DDE na DDD. Ikizidi, imeingia karibuni au inavuja kutoka ghalani. Usisahau maghala. Kule Vikuge, Kibaha, mwaka 1986 ilipokelewa shehena ya viuatilifu ya msaada kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapitwa na muda. Banda likaja kuanguka, na DDT ikakutwa kwenye udongo. Mvua ikinyesha mahali kama hapo, kijito kinapokea DDT ambayo hakuna mkulima aliyeipulizia.

Ukitaka kujua lini, siyo nani, piga bomba topeni na kulikata tabaka. Seziamu-137 ya majaribio ya silaha za nyuklia huweka alama ya mwaka 1963 hivi, na risasi-210, inayopungua nusu kila miaka 22, hutoa umri wa tabaka zilizobaki. Panapochimbwa mchanga usijisumbue, tabaka zimeshapinduliwa.

Mchicha wa bondeni na samaki je?

Kemikali hizi hupanda kwa shida kutoka mzizini hadi kwenye jani. Hatari kubwa kwa mchicha ni tope linalorukia majani wakati wa mvua au wa kumwagilia, kwa hiyo kuosha jani kwa jani kwa maji safi kunasaidia kweli. Karoti na mizizi mingine imenye. Lakini metali na vijidudu vya kinyesi ni habari nyingine, na kwa mchicha wa mto wa mjini hizo zinaweza kuwa kubwa zaidi.

Kambare anakaa na kula chini, na ana mafuta. Hukusanya zaidi kuliko perege wa ukubwa uleule. Kutoa ngozi, mafuta ya tumbo na utumbo, na kuchoma badala ya kukaanga ili mafuta yadondoke, kunapunguza PCB na DDT. Kuchemsha mchuzi na kuunywa hakupunguzi kitu. Yule mzee tulimweleza hivyo, na tulimweleza pia ukweli kwamba kambare mmoja hatoshi kumpa jibu. Inatakiwa samaki kumi au zaidi kutoka sehemu ileile.

Dawa yake ni kuchimba au kuacha?

Inategemea nini kinatoka na kwa njia ipi. Kuchimba huondoa, lakini hutibua, na tope lililochimbwa lazima liende mahali. Kulimwaga ukingoni ni kusubiri masika ilirudishe mtoni. Kufunika kwa mchanga kunafaa penye maji yaliyotulia na pasipo chemchemi kutoka chini.

Njia ya tatu ni kuchanganya mkaa ulioamilishwa kwenye tope la juu, yaani kutumia makusudi ile tabia ya masizi. Kwenye Mto Grasse, New York hiyohiyo, jaribio lilianza mwaka 2006, na penye mkaa wa kutosha PCB za kwenye maji ya ndani ya tope zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kumbuka: ukipima tope zima baada ya hapo, PCB ni zilezile. Asiyepima maji ya ndani angesema fedha zimepotea bure.

Hudson ilikuwaje mwishowe?

Mwaka 2002 EPA iliamua kuchimba. Kazi ilifanyika mwaka 2009, kisha 2011 hadi 2015, kwenye kilomita 65 hivi kati ya Fort Edward na Troy, kwa gharama ya kampuni iliyomwaga. Zilitolewa mita za ujazo milioni 2 na zaidi, zenye PCB kilo 140,000 hivi. Lengo la mwisho liliwekwa kwa samaki, siyo kwa tope: miligramu 0.05 kwa kilo ya nyama.

Mwaka 2019 EPA ilitoa hati kwamba uchimbaji umekamilika, lakini ikasema haiwezi bado kutamka kama afya ya watu inalindwa mpaka ipate miaka zaidi ya vipimo vya samaki. Jimbo la New York liliipinga hati hiyo mahakamani, na mwaka 2021 likashindwa. Wapimaji wanaendelea kuchota maji, tope na samaki.